Mtani akipata, unashangilia?

Mpwa wangu anasoma Alabama, na simu zake siku hizi ni futiboli ya Kimarekani tu, ile ya kofia ngumu. Kilichonishangaza ni ushabiki wa ukanda. Vyuo vya Alabama na Auburn, vya jimbo hilo hilo, hawapikiki chungu kimoja: walikwaruzana mwaka 1907, wasicheze tena hadi 1948. Lakini wote wako SEC, ligi ya vyuo vya kusini. Auburn ilipotwaa ubingwa wa taifa msimu wa 2010, wapo wa Alabama waliohesabu kombe hilo kuwa la kusini. SEC ilibeba makombe saba mfululizo, 2006 hadi 2012, na mashabiki wake huimba herufi hizo tatu uwanjani kuwakera Big Ten, ligi ya vyuo vya kaskazini.

Nikaipeleka hoja kijiweni Ngamiani, hapa Tanga, kwenye kahawa. Coastal Union akicheza na Simba pale Mkwakwani, mtu wa African Sports, mtani wa Coastal wa mji huu huu, ashike wapi?

Ilikuwa vurugu. Mzee mmoja wa Sports, kashata mkononi, akasema bora Simba ashinde kumi. "Hao Wagosi wa Coastal wakibeba kombe tutalala wapi? Ule ubingwa wa ligi wa 1988 mpaka leo wanatusimanga!"

Mie ni Coastal damu, lakini Sports akikutana na timu ya Dar nampigia makofi. Kimoyomoyo, lakini. Mpwa anasema huo ndio u-SEC wenyewe. Mzee kamjibu kwenye simu: "Mwanangu, huko mna vyuo. Huku tuna majirani."