Siku moja maishani mwangu: gramu 400 za sangara

Saa 12 asubuhi. Sijanawa hata uso, simu inaita. Ni karani wetu wa mzani pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza. "Shikamoo dada. Huku kuna mzee kaleta sangara, mzani unasoma kilo 12.4, risiti imetoka 12. Anasema mashine yetu inamla." Nikamwambia amlipe kwa hesabu ya daftari, mengine aniachie.

Saa 2. Kwenye daladala nimeshajua ugonjwa uko wapi. Jedwali letu la mapokezi lina kolamu ya uzito ya namba nzima, maana zamani tulipima kwa makreti. Tangu mizani mipya ifike wiki jana, inatuma desimali. PostgreSQL, programu inayotunza kanzidata yetu, hailalamiki: 12.4 inaandika 12, 12.6 inaandika 13. Yaani siku nyingine tunaoliwa ni sisi, ila sisi hatupigi simu alfajiri.

Saa 3. Kijana wa fildi kaniwahi. "Dada, nimesharekebisha." Kafungua skripti V31, faili la amri lililounda jedwali, kafuta integer (namba nzima), kaandika numeric (namba yenye desimali). Kwenye kompyuta yake kanzidata ilianza tupu, kila kitu kikapita. Kwenye seva ya majaribio Flyway, programu inayopitisha skripti zetu kwa zamu, imegoma: cheksamu ya V31 (namba inayokokotolewa kutokana na maandishi ya faili) hailingani na iliyoandikwa kwenye flyway_schema_history, kumbukumbu ya skripti zilizokwisha kupita.

"Nimesoma kuna amri ya repair, niipige?"

Nilimvuta kiti akae. Repair ingebadilisha cheksamu kwenye kumbukumbu ifanane na faili lake, basi. Kolamu isingeguswa. Faili lingesema numeric, seva ingebaki na integer, na Flyway ingetuambia mambo ni shwari. Mzee wa sangara angeendelea kukatwa gramu zake 400, na sisi tungetafuta kosa kwenye mzani. Skripti iliyokwisha kupita kwenye seva ni kama risiti uliyokwisha kumpa mteja: ukikosea unaandika nyingine. Akairudisha V31 kama ilivyokuwa, herufi kwa herufi. Flyway ikanyamaza.

Saa 5. Tukaandika V48__ongeza_uzito_kg.sql. (Mistari ya chini baada ya V48 ni miwili, ukiweka mmoja, Flyway kwa kawaida inalipita hilo faili bila kusema neno. Nimewahi kupoteza nusu siku hapo.) Kugeuza aina ya kolamu ileile kungeilazimu PostgreSQL iandike jedwali zima upya huku imelifunga, na mizani ingesimama. Kwa hiyo V48 inaongeza kolamu mpya, numeric(8,2), yaani yenye desimali mbili. Programu itaandika zote mbili kwa muda. V49 itahamisha rekodi za zamani kwa mafungu. Kolamu ya zamani tutaifuta baadaye, wala sina haraka nayo.

Saa 7. Ugali wa muhogo na sato. Umeme ukakatika, ukarudi.

Saa 12 jioni. Mwaloni kumepoa, nakala rudufu ipo. Hata kuongeza kolamu kunalifunga jedwali kwa kitambo, kwa hiyo nimeweka lock_timeout, ukomo wa kusubiri zamu ya kulifunga, wa sekunde 3. Jaribio la kwanza likakwama: mhasibu alikuwa ameacha ripoti ndefu inasoma jedwali hilohilo. Bila ule ukomo, V48 ingesubiri ripoti iishe, na kila mzani ungepanga foleni nyuma yake kama magari ya kivuko cha Kamanga. PostgreSQL ikarudisha kila kitu kilipokuwa, nikampigia mhasibu, akafunga ripoti. Jaribio la pili likapita kabla kijana hajamaliza kuvuta kiti.

Saa 2 usiku. Programu mpya iko hewani. Karani akaweka jiwe la kupimia, risiti ikatoka na desimali zake. Ila V49 itahamisha namba zilizokwisha kukatwa. Gramu za wiki nzima hazimo kwenye kanzidata yoyote. Zimo kwenye daftari lake. Nimemwomba apige picha kurasa zote, na ya kwanza imeingia sasa hivi: magamba mawili ya samaki yameganda juu ya safu ya Jumanne. Kesho kijana ataanza na hiyo.