Anayepiga deki naye ana mapafu

Kenya ilipofungua tena shule zilizokuwa zimefungwa kwa sababu ya korona, Oktoba 12, 2020 kwa Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4, kisha Januari 4, 2021 kwa wanafunzi wengine, gumzo lilikuwa ni madawati: yapishane kwa umbali gani, darasa libebe watoto wangapi. Mpishi, mlinzi, matroni, dereva na mfagizi walitajwa pia, lakini walitajwa kama vifaa. Mlinzi atapima joto, mfagizi atapuliza dawa. Wao watajikingaje? Hapo kimya. Korona imetulia, ila ugonjwa mwingine wa mlipuko utakuja, na mengi ya hapa chini yanafaa hata kipindupindu kikibisha hodi.

Langoni kwanza. Kile kipimajoto cha kuelekezwa kwenye paji la uso husoma ngozi tu. Mtoto aliyetembea kilomita nne juani atasoma juu, na aliyeshuka kwenye bodaboda asubuhi ya baridi atasoma chini hata akiwa na homa. Weka foleni kivulini, wasubiri dakika kadhaa, kisha upime kwa umbali ulioandikwa kwenye kijitabu cha kifaa (vingi husema sentimita 3 hadi 5). Mlinzi asimame ubavuni mwa mtoto, mkono ameunyoosha, wasipumuliane usoni. Asivue barakoa yake eti kifaa kimesema nyuzi 36.4, kwa sababu wengi waliokuwa na virusi vya korona hawakuwa na homa. Kalamu ya daftari la wageni ishikwe na mlinzi peke yake: mgeni ataje jina, yeye aandike. Na kile kibanda cha mabati kisicho na dirisha kisikaliwe na watu wawili, hata mvua ikinyesha.

Sasa maji, maana hapa hesabu huwa haifanywi. Chukua shule ya wanafunzi 600, kila mmoja anawe mara tano kwa siku, nusu lita kila mara. Hizo ni lita 1,500, yaani mitungi 75 ya lita 20. Kama bomba liko mbali na vituo vya kunawia, kuna mtu atakayebeba tani moja na nusu ya maji kila siku, na katika ratiba ya kazi jambo hilo limeandikwa "kujaza maji". Nunua mpira mrefu kabla ya kununua mabango. Mgongo wa mfagizi nao ni sehemu ya usalama.

Klorini ndiyo iliyoumiza wengi, na mara nyingi kosa halikuwa la aliyeishika. Jik, ile klorini ya maji ya dukani, huwa na nguvu ya karibu asilimia 3.5. Kwa meza, vitasa na sakafu tunataka asilimia 0.1, yaani kipimo kimoja cha Jik kwa vipimo 34 vya maji. Ili upate ndoo ya lita 10, weka mililita 285 za Jik, zilizosalia ziwe maji. Ni kama chupa ya soda ya mililita 300 iliyopungua kidogo, lakini chupa hiyo naitaja ujue ukubwa tu. Kipimo chenyewe kiwe kikombe cha plastiki kilichochorwa mstari kwa kalamu isiyofutika, kwa sababu Jik ikiwekwa kwenye chupa ya soda, kuna mtoto atakayeinywa. Palipomwagika damu au matapishi nguvu iwe asilimia 0.5: kipimo kimoja kwa sita vya maji. Ukinunua aina nyingine ya dawa, soma lebo na upige hesabu upya.

Kuna wasimamizi wanaoamini kwamba harufu ikikuna koo ndipo usafi umefanyika. Dawa kali kupita kiasi haina faida ya ziada kwenye meza. Kinachoongezeka ni ngozi kuchubuka, kifua kubana na bawaba za milango kushika kutu. Tena uchafu huila klorini. Sakafu yenye matope ukiimwagia Jik, dawa inaishia kwenye matope. Kwa hiyo fungua madirisha na milango, osha kwa sabuni, suuza, ndipo ufute kwa mchanganyiko wa klorini na uache pakauke penyewe. Changanya nje au mlangoni penye upepo, kwa maji baridi, ukimimina Jik ndani ya maji badala ya maji juu ya Jik ili isikurukie machoni. Changanya asubuhi, funika, weka kivulini. Ya jana mwaga, imeshapoteza nguvu.

Vyooni ndiko kwenye hatari ambayo wengi hawaijui. Jik ikikutana na asidi ya kusafishia choo hutoa gesi ya klorini, ambayo huchoma mapafu. Ikikutana na mkojo uliokaa, ule unaokata pua kwa amonia, hutoa gesi nyingine inayowasha macho na kifua. Sasa mfikirie mama aliyeinama kwenye choo cha shimo cha upana wa mita moja, mlango umerudishwa na upepo, amepewa Jik isiyochanganywa na kuambiwa "mwaga ya kutosha". Akitoka nje anakohoa, watu wanamkimbia wakidhani ana korona. Mlango uzuiwe kwa jiwe, sakafu na kuta zioshwe kwanza kwa maji mengi na sabuni, kisha mchanganyiko wa asilimia 0.1 upite kwa kitambaa au mopu. Shimoni hamna haja ya kumwaga kitu.

Na pampu za mgongoni, zile za kupulizia sukuma wiki, zirudi shambani. Shirika la Afya Duniani lilieleza Mei 2020 kwamba halipendekezi kupuliza dawa ndani ya majengo kama desturi, na kwamba binadamu asipuliziwe kabisa. Mvuke haufiki chini ya dawati wala kwenye upande wa pili wa kitasa, ila unafika vizuri kwenye mapafu ya aliyebeba pampu.

Vifaa vya mfagizi ni glavu nene za mpira zinazofika karibu na kiwiko, gambuti, aproni ya plastiki, na miwani wakati wa kuchanganya. Zile glavu nyembamba za zahanati hupasuka kwenye mpini wa mopu kabla hajamaliza kupiga deki vyumba vitatu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga.

Jikoni barakoa hulowa haraka kwa mvuke wa sufuria na moshi wa kuni, na ikilowa haipitishi hewa, mpishi anaishusha kidevuni. Mpe tatu za pamba kwa zamu moja na mfuko wa kuwekea zilizolowa. Za nailoni zisisogee karibu na moto. Wakati wa kupakua, sahani zipangwe zikiwa tayari mezani, mtoto achukue na kupita. Lakini mimi ningeangalia zaidi chai ya saa nne: wapishi na wafagizi wamejifungia stoo, barakoa chini, wanacheka. Wapeleke chini ya mti, na viti viwepo.

Dereva afungue dirisha la mbele upande mmoja na la nyuma upande wa pili, hewa ipite ndani ya gari. Masharti ya 2020 ya gari la matatu la abiria 14 kubeba 8 yangefaa basi la shule vilevile. Matroni asilale chumba kimoja na wagonjwa, hata kwa usiku mmoja.

Kisha mshahara. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo siku 7 za ugonjwa kwa malipo kamili na 7 kwa nusu, kwa mwaka mzima, akileta cheti cha daktari. Karantini ilikuwa siku 14. Mpishi aliyekaa karibu na mgonjwa lakini haumwi hana cheti, na hata akihesabiwa siku za ugonjwa, akiugua kweli mwezi ujao zimekwisha. Kumbuka huyu hulipwa na bodi ya shule, si na TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, na karo ilipokatika 2020 wengi wa hao wanaolipwa na bodi walikaa miezi bila kitu. Mtu kama huyo akianza kukohoa atakunywa dawa na kuja kazini. Bodi iandike kwenye kumbukumbu za mkutano, kabla ya lango kufunguliwa, kwamba aliyeambiwa ajitenge atalipwa kikamilifu na siku hizo hazihesabiwi kuwa za ugonjwa, vibarua wakiwemo. Mstari wa pili utaje nani atashika mwiko wake siku hizo, la sivyo siku ya tano atapigiwa simu arudi.