Tela langu, kumbukumbu ya 4: Furu avuka daraja

Tela limefika asilimia kama tisini, na hiyo kumi iliyobaki ndiyo iliyonionyesha cha moto mwisho wa wiki.

Kwa asiyelijua: lina magurudumu mawili, urefu mita 2.8, upana 1.5, fremu ya bomba za mraba iliyochomelewa Igoma, hapa Mwanza, mwili wa plaiwudi uliovikwa bati. Linakokotwa na RAV4 ya zamani. Ndani kuna godoro, jiko dogo la gesi, betri ya sola na feni. Nililipima kwa mtu mmoja. Furu sikumhesabu.

Furu ni paka jike, mweusi mwenye kifua cheupe, miaka mitatu. Nilimwokota Kirumba akiwa anaenea kwenye kofia, jirani akasema hafiki Jumapili. Nikampa jina la wale samaki wadogo walioliwa na sangara, aliyepandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, hadi watu wakadhani furu wamekwisha. Baadhi wamerudi. Huyu naye yupo, tena na kitambi.

Mazoezi yalianza wiki tatu kabla. Tela uani, mlango wazi, bakuli lake ndani. Siku nne za kwanza alikula miguu ya nyuma ikiwa bado nje, tayari kutoka mbio. Siku ya tano nilimkuta amelala katikati ya godoro langu, nikajua biashara imekwisha. Choo chake ni beseni lenye maranda ya seremala. Mchanga niliujaribu, ukaishia kwenye shuka.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ilikuwa tayari, kadi ninayo. Daktari wa mifugo ndiye aliyenishtua: mbu utawafukuza na nini? Nikasema dawa ya kupuliza. Akaniambia nisome kopo kwanza, kama lina pemethrini lisikaribie paka, maana ini lake haliwezi kuivunja kama letu. Huanza kutetemeka, na anaweza kufa. Dawa za kupe za mbwa nyingine zina kitu hicho hicho. Kopo nililosoma nyumbani lilikuwa nayo. Nikaligawa, nikafunga wavu mtupu kwenye madirisha yote mawili.

Jumamosi alfajiri tukatoka. Furu hakula tangu usiku, kwa sababu tumbo likijaa, gari humtoa udenda. Tela likiwa njiani yeye hukaa garini na mimi: ndani ya tenga la kuku, kanga juu, mkanda wa siti umepita kwenye mishikio. Hadi Usagara alilia sauti moja kama bawaba isiyotiwa mafuta. Kigongo akanyamaza. Zamani hapa tungepanga foleni ya kivuko, na honi ile ingemtoa roho. Tangu Juni 2025 kuna daraja, kilomita 3 juu ya maji, ukafika Busisi kabla hujamaliza kushangaa.

Tulipiga kambi kwenye kiwanja cha shemeji, kijiji cha wavuvi upande wa Sengerema. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku hugeuka, kwa hiyo niliegesha mlango ukitazama maji. Nilijiona mjanja. Saa saba mchana nikaenda kuteka maji nikarudisha mlango, dakika kumi na tano tu. Kipimajoto kilisoma nyuzi 38. Furu alikuwa sakafuni, mdomo wazi, anahema kama mbwa. Paka hafanyi hivyo ila amezidiwa. Nikamtoa chini ya mwembe, nikamlowesha masikio na nyayo, nikakaa naye hadi akafunga mdomo. Kosa ni langu: bati nililipigilia moja kwa moja juu ya plaiwudi, hakuna kitu katikati. Feni ilikuwa inazungusha joto lile lile.

Jioni, kwa kumwonea huruma, nikamfunga mkanda wa kifuani na kamba tukatembea ufukweni. Akina mama walikuwa wameanika dagaa kwenye nyavu chakavu. Mmoja akapaza sauti: "We baba, mgeni wako anakula hajalipa!" Kweli, Furu alikuwa amejilaza katikati ya dagaa, anachagua. Nikanunua sado nzima, aibu ikiwa sehemu ya bei. (Nyumbani dagaa namchemshia. Baadhi ya samaki wabichi huharibu vitamini B1 mwilini mwa paka.)

Mzee aliyekuwa anashona nyavu nikamwamkia.

"Marahaba. Huyo paka kaja kufanya nini?"

"Anatembea tu, mzee."

"Paka anatembezwa." Akamtazama Furu muda mrefu. "Huyu ni wa mchana tu, au na usiku?"

Aliyekulia Kanda ya Ziwa anaelewa swali hilo: paka mweusi wa usiku hudhaniwa ni wa wachawi. Nikajibu wa mchana tu, na nikaapa moyoni kwamba akishalala harudi nje.

Mwezi ulikuwa giza, kwa hiyo wavuvi wa dagaa waliingia na taa zao, ziwa likawa kama mji wa pili. Furu alikaa dirishani akizitazama kupitia wavu, masikio mbele. Nikalala.

Saa tisa usiku nikashtuka godoro likiwa jepesi. Nimetafuta kwa tochi, nimeita kwa kunong'ona, nikiwaza yule mzee akiamka kukojoa amkute. Mwishowe macho mawili ya kijani yakang'aa chini ya mtumbwi uliopinduliwa. Kutoka alitoka kwenye tundu la sakafu nililoliacha ili gesi ikivuja ishuke nje. Sentimita 9. Kichwa kikipita, paka mzima kapita.

Kazi za wiki hii: bati la juu libanduliwe, nijaze yale mapovu meupe ya kufungashia tivii kati ya bati na plaiwudi, na tundu la gesi libaki wazi ila liwekewe wavu wa chuma. Leo fundi ameniuliza vipimo vya matundu ya huo wavu. Nikafungua tenga.