Saa nane usiku ni 26:00:00: kumbukumbu ya zana ya kutafuta matatu

Hatimaye tafuta_safari, zana ya kutafuta safari za matatu, imekubali. Mtu akiuliza kama kuna matatu ya Ronga saa nane usiku wa kuamkia Jumamosi, wakala wa akili mnemba hakimbilii tena saa nane mchana. Data ni GTFS (muundo wa kawaida wa faili za vituo, njia na saa za usafiri wa umma) ya matatu za Nairobi iliyotokana na Digital Matatus, mradi uliotoa ramani yake 2014. Imepakiwa kwenye hifadhidata ndogo ya SQLite, na juu yake kuna seva ndogo ya MCP (itifaki inayomwezesha wakala kutumia zana za nje) yenye zana tatu. Mbili za kwanza, tafuta_kituo na njia_za_kituo, hazikusumbua, ila ukipakia kwa pandas, maktaba ya Python, soma kila safu kama maandishi (dtype=str). La sivyo, stop_id (kitambulisho cha kituo) ya tarakimu tupu inayoanza na sifuri inaweza kupoteza sifuri zake na majedwali yasioane.

Shida yote ilikuwa saa. Maelezo ya zana yalisema kigezo "wakati" kiandikwe kwa mfumo wa saa 24. Mtu anasema saa mbili asubuhi, wakala anatuma 02:00. Ikaongezwa sentensi ya kumwambia ageuze saa za Kiswahili kwanza. Akaanza kugeuza hata zilizokwisha kugeuzwa, 08:00 ikawa 14:00. Kila onyo jipya lilizaa kosa jipya. Kasoro haikuwa kwenye maneno. Wakala alipewa hesabu ambayo ni kazi ya zana.

Sasa wakala ananukuu tu alichosikia: saa (1 hadi 12), dakika, kipindi, tarehe. Zana ndiyo inayohesabu:

asubuhi, mchana, alasiri: saa + 6 (ila saa 11 na 12 asubuhi: saa − 6)
jioni: saa + 6 kwa saa 10, 11 na 12, saa + 18 kwa saa 1 na 2
usiku: saa + 18
alfajiri: saa − 6

Angalia mstari wa usiku. Saa nane + 18 ni 26. Kwa mazoea matokeo yalikuwa yakikatwa yarudi chini ya 24, na hapo ndipo siku ilipokuwa ikipotea. GTFS yenyewe huandika 26:00:00 kwa safari ya usiku wa manane ambayo bado ni ya siku ya huduma iliyotangulia. Kiswahili nacho hakiukati usiku katikati: ulioanza Ijumaa jioni unaendelea mpaka alfajiri. Mifumo hii miwili inakubaliana kabisa! Kilichotakiwa ni kufuta ule mstari wa kukata, na tarehe ibaki ya Ijumaa. Tahadhari moja: zana hutafuta pia 02:00:00 ya Jumamosi, kwa kuwa faili nyingine huandika hivyo. Jibu hurudi na maneno kamili, "usiku wa kuamkia Jumamosi, 02:00", muulizaji aone kilichoeleweka.

Kasorobo ilihitaji mfano wake. "Saa tatu kasorobo" ilikuwa ikitumwa kama saa 3, dakika 45. Sasa dakika inaruhusiwa kuwa hasi: saa 3, dakika −15. Mfano huo mmoja ndani ya maelezo umefanya kazi kuliko aya nzima ya kanuni. Kipindi kikikosekana zana inakataa na kujibu "Muulize: asubuhi, jioni au usiku?" Ujumbe wa kosa ni sehemu ya maelezo, uandike kama hatua inayofuata, si kama lawama.

Jambo la pili ni frequencies.txt, faili ya GTFS inayosema gari hupita kila baada ya muda gani. Pale safu yake ya exact_times ikiwa 0 au tupu, saa zilizo kwenye stop_times (faili ya saa za kila kituo) si ratiba. Kituo cha kwanza 06:00:00 na cha nne 06:22:00 maana yake ni dakika 22 za mwendo tu. Wakala asiyejua hili atamwahidi mtu gari la 06:22. Kwa hiyo zana haimpi saa ya kuondoka kabisa, inampa "takriban kila dakika 10" (headway_secs, yaani sekunde kati ya gari na gari, ni 600) na muda wa safari. Hata kugawa 10 kwa 2 upate muda wa kusubiri ni kosa, maana kwenye steji gari hungoja lijae kwanza.

OpenTripPlanner, programu huria ya kupanga safari, ni nzuri, lakini kwa mji mmoja na maswali mafupi ni mzigo. SQLite yenye faharasa kwenye stop_id na trip_id (kitambulisho cha safari) inatosha.

Nauli ilikuwa ifuate, lakini imesimama: mvua ikinyesha hupanda, na nambari moja iliyogandishwa kwenye faili itadanganya watu. Badala yake limeingia jedwali la majina ya mtaani. Ronga ni Ongata Rongai, Buru ni Buruburu, Westi ni Westlands; hayo yanaingia bila ubishi. Tao, yaani katikati ya jiji, haiingii. Si kituo kimoja, ni steji nyingi, na steji sahihi hutegemea njia. Kwa sasa zana inapokea "Tao" pale tu jina la upande wa pili linapojulikana, kisha inachagua steji kwa kufuata njia zinazofika huko. "Kutoka Tao" bila mwisho wa safari bado inarudishwa na swali.