Gia ya pili ya 504, asubuhi

Peugeot 504 ya marehemu baba ilikuwa na ukaidi wa asubuhi: gia ya pili haiingii mpaka injini ipate moto; ukilazimisha, inakwaruza. Fundi akataka kushusha giaboksi. Nikamuuliza, mle ulitia nini? Akajibu: oili ya difu (gia za ekseli ya nyuma), 85W-140, nzito kama asali.

Kumbe giaboksi ya 504 hutumia oili ya injini, iliyo nyepesi zaidi! Tena hiyo ya difu, ya daraja la GL-5, ina salfa inayoweza kula ringi za shaba zinazosaidia gia kuingia.

Tulifungua kwanza nati ya kujazia (usije ukamwaga, kisha ukakwama bila pa kujazia), tukamwaga ikiwa ya moto, tukatia oili ya injini, 20W-40, mpaka ikachuruzika tunduni.

Sasa pili inaingia kwa kidole. Rivasi bado inalia, ila hiyo imelia tangu niko shule ya msingi.