Korosho ni zilezile, mnada ndo tofauti

Juzi nilipanda basi la Tandahimba kwenda kumuona mjomba, nikamkuta barazani na ungo wake anachambua korosho, nzuri huku, zilizosinyaa kule, maana kesho yake alikuwa anapeleka AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba mpwa wangu, alafu hata habari za mjini hajaniuliza akanitupia swali: "Hivi nyie watu wa kompyuta mnauza kwa mzani au kwa kangomba?"

Nilicheka sana. Ila usiku lile swali likaninyima usingizi, maana mi naandika softiwea, na kazi yangu nimeiuza kwa kangomba karibu miaka miwili na hakuna aliyenilazimisha.

Kwa msiotoka kusini: kangomba ni ule ununuzi wa kienyeji, mlanguzi anakuja kijijini kabla minada haijaanza, anajua una shida, mtoto anadaiwa ada ama kuna msiba, anakununulia kwa bei ya kutupa na kipimo anakuja nacho yeye. Imepigwa marufuku na bado ipo. Ukivumilia ukapeleka AMCOS zinapimwa kwa mzani, zinaenda ghala kuu, zinapangwa gredi, alafu wanunuzi wanashindana mnadani. Mti ni uleule, salfa ni ileile uliyopulizia ubwiriunga usile maua, kilichobadilika ni nani amekaa upande wa pili na wako wangapi.

Sasa mimi. Nilianza kazi Dar, kampuni siitaji, wenyewe wanajijua. Mshahara milioni moja na nusu, na siku nimepewa ile barua nilimpigia mama nikamwambia mama tumetoka. Slipu ya kwanza ikanirudisha duniani. NSSF 10%, laki na nusu imeondoka. Inayobaki 1,350,000 ndo inakatwa PAYE, yaani kodi ya mshahara, na ukishavuka milioni PAYE ni 128,000 jumlisha 30% ya kinachozidi, kwa hiyo 233,000. Alafu bodi ya mikopo 15% ya mshahara, 225,000. Mkononi 892,000, na hapo mwenye nyumba Tabata anataka kodi ya miezi sita kwa mpigo. Siwalaumu waliokata, sheria ndo ilivyo, ila nawaambia wadogo zangu mnaohesabu mshahara wa kwenye barua kabla slipu haijafika: msinunue kochi.

Kazi yenyewe ilikuwa kuunganisha mifumo ya wateja na malipo ya simu na benki. Inasikika kama kazi ya kuchosha na ni ya kuchosha kweli, ila kuna kitu kimoja pale kilikuja kunilisha baadae, ntakirudia.

Mwaka 2022 nikapata kazi ya rimoti, yaani unaifanyia nyumbani kwako, kampuni ya Ulaya. Intavyuu zikaenda vizuri, mwisho dada wa upande wao akaniuliza unataka dola ngapi kwa saa. Nikachukua mshahara wangu wa Dar, nikauzidisha mara tatu, nikaona hapo nimekuwa na tamaa mpaka nikaona aibu, nikasema 12. Akasema sawa kabla sijameza mate. Yaani hata hakuvuta pumzi! Mlanguzi akikubali bei yako bila kukunja uso jua umeshaliwa, mjomba anajua hilo tangu ana miaka kumi, mi msomi nilikuwa sijui.

Basi nikarudi Mtwara, nikapanga Shangani, masaa 160 kwa mwezi ni dola 1,920, na kwa maisha ya huku nikajiona mfalme, samaki wa feri kila siku, wikiendi Msimbati. Ikaenda hivo mpaka siku moja mtu wao wa uhasibu akakosea kuambatanisha faili, badala ya invoisi yangu akanitumia shiti ya makontrakta wote na bei zao. Kuna jamaa wa Poland tulikuwa tunagawana kazi nusu kwa nusu, kodi zake nyingi (code, yale maandishi ya programu, sio za TRA) nilikuwa nazirekebisha mimi, mtu mzuri tu sina ugomvi nae. Yeye 45.

Nilifunga laptopu nikatembea mpaka baharini na malapa. Hasira zangu zilikuwa hazina pa kwenda kwa sababu hakuna aliyeniibia, ile 12 niliitaja kwa mdomo wangu, kile kipimo nilikuja nacho mwenyewe.

Baada ya hapo ndo nikaanza kusoma mishahara ya softiwea kama mjomba anavyofuatilia bei za mnada. Na kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba hakuna soko moja. Kuna kampuni za hapahapa ambazo zinajilinganisha na jirani yao, zinakulipa kidogo zaidi ya anavyolipa jirani na zinaona zimekupa zawadi. Kuna mabenki, mitandao ya simu na zile kampuni zilizopata mtaji, hizo zinagombania watu kidogo. Alafu kuna zinazogombania watu dunia nzima. Mtu yuleyule, uwezo uleule, akihama soko moja kwenda jingine anapata nyongeza ambayo asingeipata kwa kusoma lugha za kompyuta kama Python na Java usiku na mchana miaka mitano. Ndo maana zile mechi za lugha gani inalipa kwenye magrupu ya WhatsApp mi siku hizi nazipita tu.

Kitu cha pili, zile namba za Marekani zinasomwa vibaya. Takwimu za serikali yao za Mei 2024 zinamuweka developa wa katikati, yaani nusu ya wenzake wako juu yake na nusu chini, kwenye kama dola 133,000 kwa mwaka. Ile laki tatu ya dola unayoiona mtu anapost kwenye X sio hela inayoingia benki kila mwisho wa mwezi, kuna mshahara wa msingi, kuna bonasi, na kuna hisa ambazo mara nyingi zinaachiwa kidogokidogo ndani ya miaka 4, ukiondoka katikati zilizobaki unaziacha mezani. Alafu kuna ngazi. Google mtu wa kutoka chuo anaingia L3, sinia (senior, mtu mzoefu) ni L5, na ukifungua Levels.fyi, tovuti ambayo watu wanaweka mishahara yao, utaona hela inaruka kwa kupanda ngazi, na ngazi hupandi kwa kuandika kodi nyingi, unapanda kwa kubeba tatizo kubwa ambalo hakuna aliyekuandikia hatua zake.

Na hata hizo za rimoti sio zote zinalipa sawa kila mahali. Kampuni ya softiwea ya GitLab kwa mfano mshahara wao unaangalia unaishi wapi, na wala hawafichi, wakati wenzao wa 37signals wanalipa kwa bei za San Francisco hata ukiwa Mikindani. Kwa hiyo kabla hujataja bei ujue unaongea na wa aina gani. Mi sikujua hata kama kuna aina.

Alafu lazima niseme, soko la dunia nalo lina misimu. Meta walipunguza watu 11,000 Novemba 2022, Google 12,000 Januari 2023, wale wote wakaingia kwenye foleni ileile unayoombea kazi wewe. Na kabla ya hapo, 2019, Andela iliyokuwa inakuza vijana wa Kiafrika kwa ajili ya kampuni za nje ikawaacha mamia ya madevelopa wachanga wa Nigeria, Uganda na Kenya, kwa sababu wateja walikuwa wanataka masinia. Hilo bado lipo mpaka leo, na sasa hivi hizi AI zinaandika kodi ya kijunia, ya mtu anayeanza, bila kuomba chai. Kijana anayeniambia kamaliza kozi miezi mitatu anataka rimoti ya dola, namuonea huruma na namuambia ukweli: anza hapa, hata kwa hiyo 892,000, ila ujue umekuja kuanika na kuchambua, usije ukazeeka juu ya jamvi.

Sasa gredi ni nini kwenye kazi yetu? Narudi kwenye kile kitu cha Dar. Mteja analipa kwa simu, mtandao unakata katikati, anabonyeza tena, muamala unaingia mara mbili, au jibu la malipo linatumwa mara mbili na mfumo unaandika mauzo mawili. Mzungu aliyekulia kwenye intaneti isiyokatika anaandika kodi kama vile kila ombi litafika na jibu litarudi. Mimi nimekulia sehemu ambayo umeme unakata ukiwa umebakiza kubonyeza sawa, kwa hiyo kichwa changu kinaanzia hukohuko kwenye kukata. Kila ombi naliwekea namba yake ya kipekee, likija la pili na namba ileile mfumo unarudisha jibu la kwanza, hela haiguswi mara mbili. Jioni unalinganisha kitabu chako na kitabu cha benki shilingi kwa shilingi. Haina maajabu yoyote, ila ni kodi iliyokaa karibu na hela, na nilichojifunza ni kwamba ukikaa karibu na hela bei yako wanaielewa haraka. Ukikaa kwenye kupamba batani, hata kama ni fundi hasa, itabidi umuelezee mtu kwa nini akulipe.

Mkataba ulipokaribia kuisha sikuandika barua ya kulia kwamba mwenzangu anapata 45, nilijua hapo ningeonekana nimechungulia faili la watu. Niliandika ukurasa mmoja tu: miamala iliyokuwa inajirudia ilikuwa mingapi kwa mwezi kabla sijaanza, sasa mingapi, kila mmoja ulikuwa unawagharimu masaa mangapi ya watu wa huduma kwa wateja. Chini nikaandika 35. Wakavuta pumzi safari hii, siku nne kimya, nikawa mtulivu kwa nje tu. Wakaja na 28. Nikakubali, na mwaka uliofuata nikahamia kampuni nyingine kwa 40, na bei hiyo walianza kuitaja wao, kwa sababu safari hii waliponiuliza nataka ngapi niliwauliza kwanza nafasi hii mmeipangia kuanzia ngapi mpaka ngapi. Sentensi moja tu, nimeichelewa miaka miwili.

Vingine vya kuishi huku kwa haraka haraka. Ulaya ni rahisi kwa masaa, Berlin tunapishana saa moja au mbili, San Francisco wakifungua ofisi asubuhi huku ni saa moja au mbili usiku na mke wako ataanza kuwa na maoni. Kontrakta hakatiwi NSSF wala bima, ni juu yako, na TRA nenda mwenyewe kabla hawajaja. Intaneti weka laini mbili za mitandao tofauti na inveta, ingawa Mei 2024 hata hizo hazikunisaidia, kimbunga Hidaya kilikata barabara ya Dar maeneo ya Somanga na wiki iliyofuata, tarehe 12, nyaya za intaneti za baharini, EASSy na SEACOM, zikakatika nazo, nikakaa Shangani sina barabara sina mtandao. Niliwaandikia meseji wateja mapema, walinielewa. Usipotee kimya, hicho ndo kinachoua majina yetu.

Nimemueleza mjomba haya yote pale barazani, nikamuonesha na rasimu ya mkataba mpya ambao najadili mwezi huu, nimeandika 55, nimefuta, nimeandika 50. Akauliza wakikataa? Nikamwambia nakataa na mimi. Akanyamaza anachambua, alafu akanikumbusha 2018, wakulima waligomea bei mnadani huku Tandahimba na Newala mpaka serikali ikasema inanunua yenyewe kwa 3,300 kilo. "Tuligoma mpwa wangu, na bei ikapanda. Ila hela haikuja siku ileile. We ndani una unga wa miezi mingapi?"

Nina wa miezi miwili. Nimeacha 50, rasimu ntaituma nikifikisha minne.