Usiku wa Nusu Toni 3

Zilikuwa zimebaki siku mbili tupande jukwaani, na mwimbaji wetu hazifikii noti za juu. Tukakubaliana kushusha magitaa nusu toni 3: uzi mnene, ule wa 6, utoke noti ya E uende C#, yaani kutoka hezi (mitikisiko kwa sekunde) 82 hadi 69. Nilifurahi kupita kiasi. Tangu utotoni, hevi metali kwangu ni Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath, na hivyo ndivyo alivyotyuni nyimbo kadhaa za albamu yao ya 3, ya mwaka 1971. Nikafungua vibano vya shingoni kwa alenkii ya milimita 3, nikaanza kuzungusha vigingi.

Uzi wa 6 ukakubali. Nikashusha wa 5, nikashusha wa 4. Kurudi kwa ule wa 6, umepanda. Nikaushusha tena, wa 5 nao ukapanda. Dakika 40 nzima nilikuwa kama mtu anayefukuza kuku sita peke yake. Mpiga besi, mkubwa wetu kwa umri, akainama akalitazama gitaa kwa ubavuni.

"Mdogo wangu, acha vigingi. Daraja limezama."

Kweli, mkia wake ulikuwa umeingia ndani ya bodi. Daraja ni ile sehemu inayoshika nyuzi kwenye bodi, na langu, la aina ya Floyd Rose, linaelea: nyuzi zinalivuta mbele, springi zinalivuta kwa nyuma. Ukilegeza nyuzi, springi zinashinda, na kila uzi ambao hujaugusa unavutika na kupanda. Gitaa la Iommi, Gibson SG, daraja lake limetulia palepale. Hilo sikuliwaza. Tena yeye alipoteza ncha za vidole viwili kiwandani akiwa na miaka 17. Alitafuta nyuzi laini zisizomuumiza. Mimi nilitafuta mlio wa kukata, nikapata mlenda.

Maana hata ukizilazimisha zitulie, seti yangu ya 9-42 (unene wa uzi mwembamba na mnene, kwa sehemu za elfu za inchi) kwenye C# ni mlenda tu. Mvutano hufuata mraba wa masafa: 69 gawanya kwa 82, zidisha jibu kwa lenyewe, unabaki na kama 0.7. Karibu asilimia 30 ya ukakamavu imekwenda. Ukiupiga kwa nguvu, uzi unaanzia juu ya noti kisha unateremka, na njiani unagonga freti, vile vyuma vya kukingama shingoni. Wengi huongeza geini, ule mkwaruzo wa amplifaya, kuficha hilo. Haifichiki.

Kesho yake nikanunua 11-54. Uzi wa 54 kwenye C# una mvutano unaokaribia sana ule wa 46 kwenye E, na hapo ndipo rifu, kile kipande cha gitaa kinachojirudia, inaposimama wima. Kabla ya kugusa chochote nikakunja kitambaa, nikakisukuma chini ya mkia wa daraja hadi likae sambamba na bodi. Nikabadilisha uzi mmoja mmoja: kata kichwa cha uzi, bana kwenye daraja, tyuni, uvute kwa vidole, tyuni tena. Nilipotoa kitambaa, safari hii mkia ukainuka, kwa kuwa seti mpya inavuta kuliko ile ya zamani. Nikafungua kifuniko cha nyuma, nikakaza zile skrubu mbili zinazoshika springi, nusu mzunguko kila moja. Nikatyuni, nikatazama, nikaongeza robo. Ni kazi ya subira, na haina njia ya mkato.

Shingo nayo ilikuwa imepinda kidogo. Unabana uzi wa 6 kwenye freti ya 1 na ya mwisho, halafu unatazama mwanya juu ya freti ya 7: milimita 0.25 inatosha. Robo mzunguko wa chuma cha shingoni, kwa kufuata saa, ukaurudisha.

Kilichonitoa jasho ni freti ya 12. Noti ya kubana ilikuwa juu kuliko hamoniki, ile noti ya kugusa uzi tu bila kuubana, kwa hiyo kitandiko cha uzi darajani kirudi nyuma. Lakini kwenye Floyd Rose lazima uulegeze uzi kwanza, usogeze kwa kukisia, ukaze, utyuni upya. Uzi wa 6 ulinichukua mara tatu.

Mazoezini jioni nikashusha geini kutoka 9 hadi 6, nikapunguza na besi ya amplifaya. Rifu ikatoka safi. Nikageuka nipongezwe, nikamkuta mkubwa wetu amenyoosha mkono, besi yake imening'inia, uzi wake mnene umeshushwa hadi C# na unatikisika kama kamba ya kuanikia nguo.

"Haya, fundi. Na hii je?"